Nchi ya Angawazi na Matundu ya Boriti

Sikwenda Angawazi kwa sababu niliamini habari zake. Nilikwenda kwa sababu nilizishuku.

Miezi minne kabla ya safari hiyo nilimzika mke wangu, Salome, aliyeugua mgongo miaka mitatu bila kupata siku moja ya nafuu. Makaburini mhubiri alisema mateso yake yalikuwa neema, na kwamba sasa amepewa makao ya raha ya milele. Watu wakaitikia, wakapangusa vumbi la miguu, wakaenda kula. Mimi nilibaki nikijiuliza kama maneno yale yalikuwa faraja ya kweli au yalikuwa njia ya kuwahi pilau. Nimekuwa fundi wa kuezeka nyumba kwa miaka arobaini na miwili. Mtu akiniambia paa ni zima, mimi hupanda juu nikaangalia. Kwa hiyo niliposikia kwamba iko nchi ambayo watu wake wote wanaishi kwa tumaini hilo moja, kwamba ateswaye sasa atabarikiwa milele, nilifunga vifaa vyangu nikaenda kuangalia.

Mpakani nilipokewa na afisa mmoja mwembamba mwenye kichwa kikubwa.

"Unaiona?" akanisalimu.

"Naona nini?"

Akaandika kitu. "Mbingu. Hapa mtu akiulizwa, 'Unaiona?' hujibu, 'Naiona wazi.' Mgeni husamehewa mara moja tu." Kisha akanyoosha mkono akanivua kofia. "Hii itabaki hapa."

"Ni kofia ya kawaida, bwana."

"Ni paa," akasema. "Dogo, lakini ni paa."

Akafungua mfuko wangu, akatoa futi kamba, timazi na pimamaji, akavitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kapu la mboga. "Umekuja kupima nini?"

"Sijui bado."

"Mtu asiyejua anachopima ni mtu wa hatari."

"Anayejua jibu kabla hajapima ni wa hatari zaidi," nikamjibu. Hakucheka, lakini aliniachia vifaa. Kofia akaitundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake.

Angawazi ni nchi ya mawe. Nyumba zake zimejengwa na watu wanaojua kazi. Kona zimenyooka, vizingiti vimechongwa, sakafu zina mwinamo mzuri wa kutoa maji. Ila hakuna nyumba hata moja ya mwananchi yenye paa. Kuta zinapanda hadi kimo cha mtu na nusu, kisha zinakatika. Mtu akiwa kitandani anatazama mawingu. Ikinyesha, ananyeshewa yeye, na watoto wake, na unga wake.

Asili ya jambo hilo nilielezwa siku ile ile na Bwana Tikiko, Mkaguzi Mkuu wa Unyevu, mtu mnene, mpole, mwenye jino la dhahabu na sauti ya kubembeleza. Zamani, alisema, watu wa nchi hii waliteswa kwa ajili ya imani yao. Jeshi la mfalme fulani lilipita likayachoma mapaa yote ya mji kwa siku moja. Mwasisi wao, mzee Abiathari, ambaye naye alichomewa lake, akawaandikia waraka. Bwana Tikiko aliutoa kwenye kasha akaniruhusu niusome. Herufi nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, nikiwa na mikono michafu ya kazi, kwa hiyo huwa sipiti juu ya maandishi haraka. Waraka ulisema hivi:

"Wapendwa, wameyachoma mapaa yenu. Msiyalilie. Mnaandaliwa nyumba ambayo moto hauijui wala mvua haiipenyi. Ateswaye leo ataingia humo akiimba."

Niliusoma mara tatu. Ni maneno mazuri, nami nilisikitika kwamba hakuna aliyemsomea Salome. Lakini sikuona mahali palipokataza paa, nikamwambia hivyo.

"Katazo limo," akasema Bwana Tikiko. "Amesema tusiyalilie mapaa. Mwenye paa, siku litakapovuja, atalililia. Njia ya hakika ya kutolilia paa ni kutokuwa nalo. Tena fikiri, mzee wangu. Mtu anayeezeka hapa anamwambia nini yule anayemwandalia nyumba kule? Anamwambia, 'Unachelewa.'"

"Lakini hapa tulipo pana paa," nikasema. Lilikuwa paa la vigae, tena limepigwa dari.

"Hilo ni paa la karatasi. Waraka usilowe."

"Nanyi mko chini yake."

"La. Karatasi ndizo zilizo chini yake. Sisi tuko karibu na karatasi."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Baadaye nilimwona njiani wakati wa manyunyu, ameshika mwavuli. Alipogundua kwamba namtazama, aliniambia kwamba mwavuli ni wa muhuri aliouvaa kifuani.

Mbele ya nyumba ya Mwasisi, ambayo imetunzwa na haina paa kama nyingine, alinionyesha ukuta mfupi. Kila mwananchi ana jiwe lake humo, limechorwa jina, uso wake umeelekea barabarani. Siku ya mwisho, alisema, Mwenye Nyumba atapita barabara hiyo akisoma majina, na atakayesomwa ataingia. Anayeshikwa na kosa la kujiezekea, jiwe lake hugeuzwa, jina likaelekea ndani.

"Sasa ukitaka kuliona tumaini lenyewe," akamaliza, "utafikia kwa Eliakimu. Amelowa miaka arobaini. Kifua chake kimeharibika kabisa. Kila mgeni wa heshima tunampeleka kwake."

"Anapata dawa?"

Bwana Tikiko alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, unataka kumpunguzia?"

*

Mlango wa Eliakimu ulifunguliwa na mkewe, Trifena, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kazi. Kando ya mlango palikuwa na mtungi wa maji na kata. Nilidhani ni maji ya kunawisha wageni, nikainama nichote.

"Acha hayo," akasema. "Umeletwa kumjulia hali mgonjwa, au umeletwa kutazama maonyesho?"

"Nimeletwa, mama. Sababu wanaijua walionileta."

"Basi wewe angalau husemi uongo. Pita."

Eliakimu alikuwa kitandani, mtu aliyebaki mifupa na macho, akipumua kama msumeno kwenye ubao mbichi. Aliniambia, "Unaiona?" nikajibu, "Naiona wazi," naye akatabasamu. "Msamehe mke wangu, shemeji. Ana ulimi mkavu. Ndiyo sehemu pekee iliyo kavu katika nyumba hii."

Nilikaa kwao siku kumi. Nakiri kwamba siku mbili za kwanza nilimshuku Eliakimu pia. Nilidhani amezoea kutazamwa, kwamba anaugua kwa ajili ya wageni. Lakini mchana, wageni wakiwa hawapo, nilimsikia akiyarudia maneno ya waraka polepole, peke yake, akipumzika kila baada ya neno la tatu. Mtu hadanganyi kwa pumzi chache kiasi hicho.

Siku ya tatu, alasiri, mvua kubwa ilinyesha. Sijawahi kuona mji mzima ukinyeshewa ndani ya nyumba zake. Nilidhani watu wote wamekaa vitini wametulia, maji yakiwatiririka puani. Ilipokatika, kengele ikalia, na pale nikaelewa kazi ya mitungi. Jirani yetu, Persida, bibi wa wajukuu saba, alitoka mbio chini ya kitanda chake, akachota kata tatu akajimwagia kichwani, akasimama mlangoni akitetemeka kwa uchamungu. Milango yote ya njia ile ilikuwa na watu wanaojimwagia maji. Wakaguzi walipita wakigusa nyuma ya masikio na kukamua mito. Mtu aliyekutwa na sikio kavu aliandikwa mshukiwa. Kwa hiyo kila mmoja alimtazama mwenzake masikio kabla ya kumtazama usoni, na hata watoto walijifunza kujua nani mvungu wake una vumbi.

"Wote wanaingia mvunguni?" nikamuuliza Trifena.

"Wote isipokuwa mume wangu. Yeye ndiye pekee aliyeamini kwamba wengine wanalowa."

Siku ya nne mawingu yalirudi. Eliakimu alikuwa amekohoa damu asubuhi. Tone la kwanza lilipoanguka, Trifena alichukua mkeka wake wa kulalia, akasimamisha miti minne kwenye kona za kitanda, akautandaza juu ya mumewe.

Mzee yule alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Trifena, ondoa."

"Siondoi."

"Nimelowa miaka arobaini, mke wangu. Zimebaki siku chache. Usinifungie mlango nikiwa kizingitini."

"Nani anaufunga? Mkeka?"

"Jiwe langu litageuzwa! Nitapitwa!" Akaanza kulia, na kulia kukamletea kikohozi, na kikohozi kikamnyamazisha. Trifena alimshika kichwa, lakini mkeka hakuuondoa. Nilipoinua macho nilimwona Persida juu ya ukuta. Alikuwa amesimama juu ya kinu alichokigeuza.

"Mama Trifena," akaita kwa sauti tamu, "hicho ni nini?"

"Ni mkeka."

"Kwetu mikeka hukaa chini."

"Kwenu na watu hukaa chini. Ya vitanda."

Uso wa Persida ukatoweka. Kabla mvua haijakatika, mkaguzi alikuwa mlangoni na hati ya wito.

*

Baraza lilikaa asubuhi iliyofuata ndani ya nyumba ya Mwasisi. Watu walijaa mpaka nje. Trifena alisimama katikati, nami nilisimama nyuma yake kama shahidi, kwa kuwa nililala nyumbani kwake. Bwana Tikiko alikalia kiti cha juu, na mwavuli wa muhuri ulikuwa umefunguliwa ingawa jua lilikuwa kali.

Swali la kwanza lilikuwa kama mkeka ni paa. Lilichukua saa mbili. Mjumbe mmoja alisema paa ni kitu chochote kinachomfanya mtu asione mawingu. Mwingine akamkumbusha kwamba kwa maana hiyo kope za macho nazo ni paa, na watu wafungapo macho kusali wanavunja sheria. Jambo hilo likawekwa kando ili liundiwe kamati. Wa tatu akauliza kama mkeka wenye matundu ni paa nusu, na kama ni nusu, je, jiwe ligeuzwe nusu. Mwishowe wakakubaliana kwamba mkeka ni paa kwa nia.

"Trifena," akasema Bwana Tikiko kwa upole wake, "unajua tunavyompenda Eliakimu. Watu wamesafiri siku nyingi kuja kumwona akilowa. Uondoe mkeka, tusahau yote. Ukikataa, kesho adhuhuri jiwe lako na lake yatageuzwa, na Mwenye Nyumba atakapopita hatawasoma. Unataka mumeo ateseke miaka arobaini bure?"

Hilo lilimchoma. Niliona mabega yake yakishuka. Yeye binafsi hakuogopa. Alijua tu kwamba nyumbani kuna mtu anayeogopa jiwe lake kugeuzwa kuliko anavyoogopa kifo.

Wakati huo mimi nilikuwa natazama ukuta. Sikufanya kwa ushujaa. Ni mazoea, kama mshonaji anavyotazama mishono ya nguo ya mtu mwingine. Juu ya kichwa cha Bwana Tikiko kulikuwa na mstari wa matundu ya mraba, yamepangwa kwa usawa, pengo moja kama lingine. Niligeuka nikatazama ukuta wa pili. Yalikuwapo, yametazamana na ya kwanza. Kisha nikaona kwamba mistari ilikuwa miwili, mmoja chini na mwingine juu yake kiasi cha shubiri mbili.

"Naomba kusema," nikasema.

"Shahidi ataulizwa," akajibu karani.

"Basi naomba kiti nisimame juu yake. Nanyi endeleeni kujadiliana, mtaniuliza baadaye."

Walishangaa kiasi kwamba hakuna aliyenizuia. Nilipanda, nikatia mkono kwenye tundu la chini. Vidole vilitoka vyeusi. Nikatia kwenye la juu. Vilitoka na vumbi jeupe la chokaa. Nikapima mapengo kwa futi kamba, nikateremka.

"Mimi ni fundi wa kuezeka," nikasema. "Haya ni matundu ya boriti. Nyumba hii ilikuwa na paa."

"Hilo linajulikana," akasema Bwana Tikiko. "Lilichomwa. Waraka umesema."

"Lililochomwa lilikaa kwenye matundu ya chini. Masizi haya hapa, bado yamo." Nikainua mkono watu wote wakaona vidole. "Ya juu hayana masizi, nayo yamechimbwa katika jiwe lile lile kwa patasi nyingine. Mtu hachimbi matundu mapya ya boriti ili atazame mbingu. Paa la kwanza lilipoteketea, aliyekaa hapa aliezeka tena. Baada ya moto. Na kama aliandika waraka baada ya moto, basi aliuandika akiwa anaezeka, au ameshaezeka."

Bwana Tikiko aliufunga mwavuli wa muhuri, akaufungua tena.

Kisha wote wakasema kwa pamoja. Mmoja alisema ni matundu ya ndege. Mwingine alisema Mwasisi aliyachimba makusudi ili kuwajaribu wenye shaka, na kwamba tazama, amempata mmoja. Mjumbe wa kope za macho alisema boriti zaweza kuwekwa bila paa, kwa uzuri. Nami sitaficha kwamba katika kelele zile nilijishuku mwenyewe. Nilijiuliza kama naona matundu kwa sababu yapo au kwa sababu nayataka. Nikapanda tena kitini, nikatia mkono. Masizi yalikuwapo.

Trifena hakuyatazama matundu. Alimtazama Bwana Tikiko. "Mkeka unabaki," akasema. "Mawe mkitaka geuzeni. Mwenye Nyumba akija kunichukua, akashindwa kugeuza jiwe, basi na hiyo nyumba hakuijenga vizuri."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa. Baraza likavunjwa.

*

Eliakimu alinihoji kama hakimu. Aliniketisha karibu na kitanda, akataka aone vidole vyangu.

"Masizi yalikuwa kwenye matundu gani?"

"Ya chini."

"Na ya juu?"

"Safi."

"Huna chuki na Mwasisi?"

"Simjui."

"Huna huruma na mimi? Mtu mwenye huruma hudanganya."

"Ninayo," nikasema. "Lakini sijawahi kudanganya juu ya paa. Watu hufa."

Alivitazama tena vidole vyangu. Tone la jasho lilishuka kwenye paji lake, na Trifena hakulipangusa, alikuwa anangoja. "Kwa hiyo," akasema hatimaye, "alikuwa na nyumba inayoandaliwa, na bado akaezeka."

"Ndivyo ukuta unavyosema."

"Wala hakuona kwamba anamkosea Mwenye Nyumba."

"Mtu anayekosea huchimba kwa woga. Matundu yale yamechimbwa vizuri."

Akafumba macho. "Ezeka," akasema.

Hatukuwa na miti ya kutosha. Trifena alibomoa kitanda chake mwenyewe, tukapata boriti nne na mbao za ubavu. Nikakata fito kwenye ua, nikafunga kwa kamba za ukindu. Juu yake tukaweka mkeka, juu ya mkeka ngozi ya ng'ombe, juu ya ngozi nyasi za kando ya njia zilizofungwa mafungu mafungu, ncha zikiangalia chini. Nililiwekea mwinamo mkali kuliko kawaida, kwa sababu nyasi hazikuwa na muda wa kukauka. Lilikuwa paa dogo, urefu wa kitanda na hatua mbili. Nimeezeka makanisa na shule, lakini sikumbuki kazi niliyoikagua mara nyingi kama ile.

Adhuhuri, kama walivyosema, mawe mawili yaligeuzwa mbele ya watu. Pale pale nilimwona fundi wa lipu, mtu mfupi aitwaye Yubali, akiziba matundu ya nyumba ya Mwasisi kwa amri ya Baraza. Nilisimama nikatazama lipu lake. Halikuwa na chokaa. Halikuwa hata na nyasi zilizokatwa za kulishikanisha. Ulikuwa udongo mtupu, na nyumba ile haina paa.

Yubali aligeuka akaniona. "Fundi," akasema, "umeona kitu?"

"Sijaona."

"Vema. Nami sikukuona." Akaendelea kupaka, akipiga mluzi.

Mvua ilikuja siku ya pili yake, saa tisa alasiri. Trifena alikuwa anakoroga uji, mimi nilikuwa natafuta mahali penye kuvuja, kama kawaida yangu.

"Nyamazeni," akasema Eliakimu.

Tukanyamaza. Mvua ilikuwa inagonga nyasi juu yake, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa nguvu zote.

"Inagonga," akasema.

"Naam, inagonga," nikajibu.

"Wala haiingii."

"Haiingii."

Akainua mkono, akauweka hewani kati ya uso wake na paa, akauacha hapo akingoja. Hakuna kilichoanguka juu yake. "Kumbe itakuwa hivi," akasema.

"Nini?" akauliza Trifena.

"Huko. Miaka yote waliniambia niwaze dhahabu, nikawa siwezi. Dhahabu nimeiona kwenye jino la mkaguzi tu. Lakini hili naliwaza." Akacheka, na kicheko hakikumletea kikohozi. "Mke wangu, njoo. Kuna nafasi."

Trifena aliacha uji ukaungua. Mimi nilitoka nje nikakaa na mvua.

Alifariki asubuhi ya tatu baada ya hapo, akiwa mkavu. Bwana Tikiko alifika mlangoni, hakuingia. "Alikuwa kielelezo kizuri sana," akasema kwa huzuni ya kweli. "Ameharibika mwishoni." Hakuna mkaguzi aliyeruhusiwa kusema neno kwenye maziko ya mtu ambaye jiwe lake limegeuzwa, kwa hiyo Trifena alisema mwenyewe. Aliyasema maneno ya waraka kwa moyo, bila karatasi, mpaka lile la kuingia akiimba. Yalikuwa karibu sawa na aliyosema mhubiri juu ya kaburi la Salome. Lakini huyu, kabla ya kuyasema, alikuwa amebomoa kitanda chake. Nililia kwa mara ya kwanza tangu nimzike mke wangu.

Niliondoka siku hiyo hiyo. Trifena alinisindikiza mpaka mwisho wa njia. "Hatuagani kabisa, shemeji," akasema. "Ukifika kwa mkeo kabla yangu, mwambie paa la kwetu ulilifunga vizuri."

"Atauliza mwinamo," nikasema. "Alikuwa ananisahihisha."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilipopita chini ya ukuta wa Persida nilisikia sauti ninayoijua kuliko sauti yangu, mvua ikigonga kitu ambacho si mtu na wala si sakafu. Nilisimama. Ilikuwa inatoka uani kwake. Mbele kidogo ikatoka kwa mwingine, hafifu, kama inayotoka kwenye ngozi, kisha ng'ambo ya njia. Hakuna aliyechungulia. Kila mtu alikuwa anasikiliza paa la kwake, akidhani yuko peke yake. Nilipoivuka nyumba ya Mwasisi, tope jekundu lilikuwa linateremka ukutani, na matundu yalikuwa yamefunguka, safu mbili.

Mpakani afisa yule mwembamba alinipekua. "Umepima ulichokuja kupima?"

"Nimepima."

"Kikoje?"

"Hakivuji," nikasema.

Aliinua kalamu, akaiweka chini. Akageuka akatungua kofia yangu kwenye msumari akanipa. Niliivaa, ikashuka mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa imetanuka, imetanuliwa na kichwa kikubwa kuliko changu, na ukindu wake wa ndani ulikuwa na joto. Nilimtazama. Alitazama mbingu.

"Hii si saizi yangu," nikasema. "Nitakuwa nilikosea." Nikaiweka mezani, nikashika njia kichwa wazi, mvua ikizidi.

Nilipofika mbali niligeuka. Alikuwa ameivaa.